Je, Biashara Ndogo Yahitaji Tovuti? Hesabu za Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki Nchini Marekani

Juma hili tunaizuru miji mitatu ya Marekani ambayo huenda haitajwi sana kama New York au Washington, nayo ni Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika jimbo la Ohio, na Buffalo iliyoko kando ya Ziwa Erie katika jimbo la New York. Kiswahili husikika katika miji yote hiyo, kwani humo wamefanya makazi wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Kenya na kwingineko. Wengi wao walianza kwa kazi za maghala na viwanda, na hivi leo baadhi yao wana maduka, migahawa, vyumba vya kusukia nywele na hata malori. Swali ambalo huwafikia wote, mapema au baadaye, ni hili: je, biashara ndogo kama hii inahitaji kuwa na tovuti yake?

Swali hilo huletwa kwa kawaida na mtu anayetaka kuuza kitu. Kijana hodari wa kompyuta huingia dukani, hutazama huku na huko, kisha humwambia mwenye duka kwamba biashara isiyokuwa na tovuti haipo duniani. Kauli hiyo si ya kweli. Kuna biashara nyingi zilizolisha na kusomesha familia nzima bila ya kuwa na ukurasa hata mmoja katika mtandao wa intaneti. Lakini pia kuna biashara ambazo zimekwama mahali pamoja kwa miaka, na wenyewe hawajui kwamba wateja waliowahitaji walikuwa wakiwatafuta bila ya kuwaona. Jambo la msingi ni kujua yako ni ipi kati ya hizo mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini ambao hauko mbali na hali halisi. Mama mmoja Mkongomani anaishi kusini mwa Louisville, na ana cherehani mbili sebuleni. Anashona nguo za vitenge kwa ajili ya harusi, ubatizo na sherehe za kumaliza shule. Simu yake haipoi. Kila anayetaka kushonewa hupata nambari yake kutoka kwa dada wa kanisani au shangazi wa jirani, humtumia picha ya mtindo kwa WhatsApp, wakapatana bei, na kazi ikaanza. Mpwa wake anamshauri atengeneze tovuti. Mama anauliza: ya nini? Nani katika watu wangu ataifungua?

Mama huyo ana haki ya kuuliza. Kwa wateja hao alionao tovuti haitamwongezea kitu. Mtu aliyekwisha kukujua, au anayemjua anayekujua, hahitaji kusoma habari zako kwenye kompyuta. Anachohitaji ni nambari ya simu inayojibiwa na neno linalotimizwa. Jamii zetu huendesha biashara kwa njia hiyo tangu zamani, na wala si jambo la kuonewa haya. Wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanafahamu vyema kwamba kuna wauza nguo wanaofanya biashara nzuri kwa picha za Instagram na malipo ya simu tu, bila ya tovuti yoyote.

Sasa tuondoke sebuleni kwa mama huyo, twende mwendo mfupi wa gari. Huko huko kusini mwa Louisville ndiko uliko uwanja wa Churchill Downs, ambako kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei hufanyika mbio maarufu za farasi za Kentucky Derby. Mbio hizo zilianza mwaka 1875, na desturi yake inajulikana Marekani nzima: wanawake huenda wakiwa wamevaa magauni ya rangi kali na kofia kubwa za kila namna. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo maelfu ya watu hutafuta gauni na kofia ambazo hakuna mwingine atakayekuwa nazo. Nguo ya kitenge iliyoshonwa vizuri, yenye kofia ya kitambaa hicho hicho, ni jibu la haja hiyo. Lakini mnunuzi huyo hasali kanisani kwa mama yetu, hana nambari yake, na hata neno lenyewe kitenge hajawahi kulisikia. Anaandika maneno yake katika simu, na simu inamwonyesha maduka mengine.

Hapa ndipo swali la tovuti linapopata maana. Mwenye biashara asijiulize kama tovuti ni kitu kizuri. Ajiulize: je, kuna mteja ninayemtaka ambaye hanijui mimi wala hamjui yeyote anijuaye? Na je, mteja huyo anataka kuhakikisha nini kabla hajatoa fedha yake? Kama mteja wa namna hiyo hayupo, au kama mikono tayari imejaa kazi, tovuti ni mzigo tu. Kama yupo, basi ni lazima pawepo mahali ambapo mgeni anaweza kukuona usiku wa manane bila ya kukupigia simu.

Inafaa kuashiria hapa kwamba swali hilo limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu maduka mengi ya jamii zetu katika miji hii yaliongezewa wateja na ndege. Kila mwezi zilifika familia mpya, na kila familia mpya ilihitaji unga, mchele, simu na nguo za baridi. Katika mwaka wa fedha wa 2016 pekee, zaidi ya wakimbizi 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walipokewa Marekani, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote mwaka huo. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na kiwango cha juu kilichotangazwa baadaye kwa mwaka wa fedha wa 2026 kilikuwa watu 7,500 tu kutoka dunia nzima. Mwenye duka aliyekuwa akimngoja mteja mpya kutoka uwanja wa ndege hana budi kumtafuta miongoni mwa majirani Wamarekani, ambao wako hapo siku zote lakini hawajawahi kuvuka mlango wake.

Tuingie sasa katika mji wa Columbus, ambao kwa bahati una historia yake katika mambo haya. Kampuni ya CompuServe, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuwaunganisha watu wa kawaida kwa njia ya kompyuta, ilianzishwa huko mwaka 1969, na ni katika kampuni hiyo ambamo mwaka 1987 ilibuniwa aina ya picha iitwayo GIF, ambayo leo kila mtu hutumiana katika simu. Columbus inahesabiwa pia kuwa ya pili kwa wingi wa Wasomali nchini Marekani baada ya eneo la Minneapolis na St. Paul, na wako huko Wasomali Wabantu ambao wengi wao walijifunza Kiswahili katika kambi za wakimbizi za Kenya.

Biashara nyingi za watu wetu wa Columbus si za rejareja. Kuna mashirika ya kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani, kuna wenye malori, kuna wakalimani, kuna wapishi wa sherehe. Mteja wao mara nyingi si mtu mmoja anayepita njiani, bali ni ofisi: hospitali, shule, kampuni ya mizigo, idara ya serikali. Na ofisi ina tabia zake. Karani aliyepewa majina matatu ya wapishi ili achague mmoja atayatafuta yote matatu katika intaneti kabla ya kumpigia simu yeyote. Asipoona chochote, hatasema kwamba chakula chako ni kibaya. Ataliacha tu jina lako na kuendelea na linalofuata, nawe hutajua kamwe kwamba ulikuwa umetajwa. Kwa biashara za aina hii, ukurasa mmoja unaoeleza kazi yako, mahali ulipo, leseni uliyo nayo na barua pepe yenye jina la biashara yenyewe unaweza kurudisha gharama yake kwa kandarasi moja.

Lakini mgeni hutafuta kwa maneno yake, si kwa maneno yetu. Sisi twasema sambusa, Mhindi asema samosa, na Mmarekani wa kawaida wa Columbus huenda akaandika tu "chakula cha Kiafrika" kwa Kiingereza na kuongeza jina la mji. Tena kuna Columbus katika jimbo la Georgia na nyingine katika jimbo la Indiana, hivyo anayeandika Columbus bila ya kutaja Ohio anaweza kuletewa wateja walioko safari ya saa nyingi. Haya huonekana kuwa madogo, lakini nimeona kurasa nzuri sana zilizojaa mashairi juu ya ladha ya nyumbani, na ndani yake hakuna jina la mtaa wala saa za kufungua.

Ama kuhusu Buffalo, mji huo umetupatia funzo la aina nyingine. Katika mtaa wa Grant, upande wa magharibi wa jiji, kulikuwako soko dogo liitwalo West Side Bazaar, lililoanzishwa mwaka 2011 chini ya shirika la WEDI kwa ajili ya kuwasaidia wakimbizi na wahamiaji kuanza biashara. Katika jengo hilo moja walikaa pamoja wapishi na wauza bidhaa kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na kibanda chake. Mteja alilijua soko, na akiisha kufika ndipo alipochagua ale kwa nani. Kwa mtu anayeanza, huo ni mpango mzuri mno, kwani kodi ni nafuu na jina la soko linamtangaza. Mwezi Septemba 2022 moto ulizuka, na wafanyabiashara wakapoteza mahali pao pa kazi. Soko lilifunguliwa upya mwaka 2023 katika jengo kubwa zaidi kwenye mtaa wa Niagara.

Fikirieni hali ya mfanyabiashara katika kipindi kile cha katikati. Jengo limefungwa, na jengo ndilo lililokuwa anwani yake. Mteja aliyezoea kula kwake kila Ijumaa anataka kujua: yuko wapi sasa? Bado anapika? Anapokea kazi za sherehe? Mwenye jina lake mwenyewe katika intaneti, hata kama ni ukurasa mmoja, angeweza kubadilisha mstari mmoja tu na mteja akamfuata aliko. Asiye nalo hutegemea bahati ya kukutana na mteja barabarani. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Buffalo ilipigwa na tufani kubwa ya theluji, barabara zikafungwa kwa siku kadhaa na makumi ya watu wakapoteza maisha. Siku kama hizo pia watu hutaka kujua ni duka gani limefungua, na hawawezi kutoka nje kwenda kutazama.

Bila shaka baadhi yenu mtauliza: je, Facebook haitoshi? Mbona ni bure, na watu wote wako humo? Jibu ni kwamba inatosha kwa mengi, lakini ni nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe anaweza kubadilisha kufuli wakati wowote. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja duniani kwa muda wa saa sita hivi, na waliokuwa na duka lao humo tu walikaa siku hiyo kama waliofungiwa nje. Mwezi Januari 2025 TikTok nayo ilizimwa nchini Marekani kwa saa kadhaa kwa sababu ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Na kuna kisa kilichowagusa zaidi wenye biashara ndogo. Google ilikuwa ikiwapa wenye maduka tovuti rahisi bila ya malipo, na watu wengi wakazitegemea na kuzichapisha katika kadi zao. Mwezi Machi 2024 kampuni hiyo ilizifunga zote. Aliyekuwa amenunua jina lake mwenyewe alilihamishia kwingine, na asiyekuwa nalo alibaki na kadi zenye anwani isiyofika popote.

Kwa hiyo, katika mambo haya yote, kitu cha kwanza chenye thamani ni jina, hata kabla ya tovuti yenyewe. Jina lenye mwisho wa .com hugharimu kwa kawaida kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Linunuliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe yake na kwa kadi yake ya benki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Mpwa au rafiki husajili jina hilo kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Mwaka wa pili anahamia jimbo jingine, au wanakosana, au anasahau tu kulipia, na jina ambalo wateja wamekwisha kulizoea linachukuliwa na mtu mwingine. Jingine la kuangalia ni barua zinazofika kwa posta zikifanana na ankara na kudai malipo ya kulihuisha jina. Hulipwi wala hulipi kwa kampuni ambayo hukununua kwake. Linganisha kwanza jina lililo katika barua hiyo na jina la kampuni uliyojisajili nayo.

Na gharama ya tovuti yenyewe je? Huduma za kujijengea tovuti hutoza mara nyingi kati ya dola 15 na 30 kwa mwezi, yaani dola 180 hadi 360 kwa mwaka. Tumrudie mama wa Louisville. Ikiwa faida yake katika gauni moja ni dola 50, basi anahitaji magauni manne hadi manane ya wageni kwa mwaka ili fedha hiyo irudi. Hiyo si hesabu ya kutisha. Gharama kubwa zaidi ni muda. Tovuti inataka picha zilizopigwa mchana penye mwanga, bei zilizo za kweli na simu inayojibiwa. Ukurasa unaoonyesha bei ya miaka mitatu iliyopita na nambari iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na ukurasa, kwani mgeni hudhani kwamba biashara imekufa pia.

Tena ni vyema kukumbuka kwamba tovuti husomwa na kila mtu, akiwamo mkaguzi wa afya. Katika jimbo la Ohio, kwa mfano, vyakula fulani visivyoharibika upesi vinaruhusiwa kutengenezwa nyumbani bila ya leseni, lakini ni vya kuuzwa ndani ya jimbo hilo tu, na sambusa ya nyama haimo katika orodha hiyo. Anayetangaza katika intaneti kwamba anatuma sambusa za nyama Marekani nzima kutoka jikoni kwake anajiandikia mashtaka kwa mkono wake. Mavazi hayana tatizo hilo. Gauni hutiwa katika kifurushi na kwenda popote, na Louisville ndiko kuliko kituo kikuu cha ndege za mizigo za kampuni ya UPS.

Kuna pia suala la watu wenye ulemavu. Kipofu mmoja aliishtaki kampuni ya Domino's kwa kuwa hakuweza kuagiza piza katika tovuti yake kwa kutumia programu inayomsomea maandishi. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2019 kwamba sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za wenye ulemavu inahusu tovuti hiyo, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Tangu wakati huo kesi za aina hiyo zimewafikia hata wenye biashara ndogo, na jimbo la New York, ambamo Buffalo imo, ni mojawapo ya mahali zinapofunguliwa kwa wingi. Kosa la kawaida katika migahawa yetu ni kupiga picha karatasi ya vyakula na kuibandika kama ilivyo. Programu ya kipofu hushindwa kuisoma picha hiyo. Andika majina ya vyakula na bei zake kwa herufi, na utakuwa umemsaidia yeye na pia yule anayetafuta kwa simu.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mwenye biashara anaweza kupata ushauri bila ya malipo. Majimbo yote matatu yana vituo vya kuendeleza biashara ndogo vinavyojulikana kwa herufi SBDC, na shirika la kujitolea la SCORE, lililoundwa mwaka 1964, huwaunganisha wafanyabiashara na wazoefu wa kazi hizo. Maktaba za umma za miji hii nazo zina kompyuta za kutumiwa na kila mtu.

Na mama wa cherehani mbili? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, yeye asianze na tovuti. Aanze kwa kuliweka jina lake katika ramani ya Google, ambako hakuna malipo, pamoja na saa za kazi na picha tano za magauni. Kwa kuwa anashonea nyumbani, anaweza kuificha anwani ya nyumba na kutaja eneo analohudumia tu. Wateja wawili watatu wanaomsifu kwa Kiswahili waombwe waandike sifa zao humo, na mmoja kwa Kiingereza. Wakati huo huo alinunue jina lake la .com na kulihifadhi kama hati ya kiwanja ambacho bado hakijajengwa. Kisha mwezi Februari, wakati wanawake wa Louisville wanapoanza kufikiria kofia za mwezi Mei, aone kama simu italetwa na sauti asiyoijua. Ikiwa wageni watatu watauliza ni wapi wanaweza kuona kazi zake nyingine, mpwa na aitwe, na kiwanja kianze kujengwa. Wasipopiga, atakuwa amepoteza dola zisizozidi 20, na wateja wake wa harusi bado wangali wanamngoja.